Nilimfundisha Mwanangu Kunyamaza

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumfundisha binti yangu wa miaka minne kwamba nikianguka, akae chini kando yangu, asilie, na asimwambie mtu neno lolote. Makosa mengine yalikuja baadaye, nami nitayasema, lakini hilo ndilo lililokaribia kutuua sote wawili.

Nilimfundisha vizuri. Mimi nikishika jambo siliachi nusu. Tulifanya mazoezi sebuleni, hapa Likoni: najilaza sakafuni, natikisa miguu, natoa sauti za kukoroma, naye anaketi, mikono mapajani, midomo ameikaza. Akicheka, tunaanza upya. Akifaulu nampa kashata. Ilifika mahali naweza kujitupa chini bila kumwonya, na Zuhura akaketi hapo hapo kama askari, kimya. Nilijivuna. Nilijiona baba aliyejipanga.

Naandika haya kwa mzazi mwenye kifafa, mwenye mtoto mdogo, asiyeweza kushika usukani, ambaye mtoto akibanwa kifua hana pa kukimbilia ila barabarani kwa miguu yake. Mambo ya ubongo waulize madaktari. Mimi nasema yaliyoupata mwili wangu na nyumba yangu.

Nilianguka mara ya kwanza nikiwa dereva wa pikapu ya kusambaza mikate. Masika yalikuwa yameanza na barabara imejaa madimbwi. Nakumbuka harufu ya mpira unaoungua, nikadhani ni breki. Kilichofuata ni kioo kimenipasukia usoni, na mikate imetapakaa juu ya magunia ya makaa. Pikapu ilikuwa imelipanda banda la muuza makaa na kulilaza chini. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Ndiyo sababu naandika nikiwa nyumbani, si gerezani. Ulimi nilikuwa nimeutafuna mpaka ukaachana upande mmoja, na suruali yangu ilikuwa imelowa mbele ya watu wote.

Daktari alieleza mengi, mimi nikasikia moja: usiendeshe.

“Hata pikipiki?”

“Hata pikipiki.”

“Baiskeli?”

Akaweka kalamu chini. “Una mtoto mdogo?”

“Ninaye.”

“Basi hata kumwogesha kwenye beseni, usiwe peke yako.”

Dawa za kwanza zilinivimbisha ufizi na kunipa usingizi wa kufa. Masika yote yale nililala. Kusi ilipoanza kuvuma nikaanza kujifundisha ufundi wa simu kwa kutazama video, kwa sababu ni kazi inayofanyika ukiwa umeketi. Skrubu za simu ni ndogo kama ufuta, na zile dawa zilikuwa zinanitetemesha mikono. Nilirusha bisibisi ukutani mara nyingi. Siku moja niliichukua simu yangu mwenyewe, iliyonishinda kufunga, nikaiponda kwa nyundo juu ya kizingiti mpaka kioo kikawa unga. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alikuwa ameshazoea kutolia.

Mke wangu, Salma, anafua na kupiga pasi katika hoteli moja Shanzu. Kutoka kwetu mpaka kule ni kuvuka feri, kukata kisiwa chote, kisha kuvuka daraja. Kwa hiyo siku za kazi hulala huko huko, akarudi mwisho wa juma. Mamangu anakaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Ndiye niliyemkimbilia nilipotoka hospitali.

“Kifafa?” akasema. “Wallahi nyumba hii haina kifafa. Hilo ni jini, limekupenda. Na hata kikiwa ni kifafa, funga mdomo wako. Dadako anaposwa. Nani ataoa kwenye kifafa?”

Nikanywa kombe, maji yaliyooshea aya. Nikafunikwa shuka na kufukizwa, na moshi ulipojaa chumbani Zuhura, ambaye alizaliwa na kifua kibovu, akabanwa na pumu hapo hapo. Mimi nikatoka chini ya shuka nikitapika, yeye akatolewa nje kifua kikipiga filimbi. Ndiyo ilikuwa safari yetu ya kwanza ya haraka bila gari.

Ziko nyingine nyingi baada ya hiyo. Nilijifunza kidogo kidogo. Bodaboda niliiacha, maana ukishikwa na kifafa ukiwa nyuma ya pikipiki na mtoto mikononi, mnakufa wawili. Kwenye tuk-tuk nilikuwa nakaa mbele kando ya dereva, kwa ajili ya upepo, mpaka siku niliyoegemea usukani wake nusura atuingize mtaroni. Sasa hukaa nyuma, mtoto katikati, mkoba wangu upande wa wazi. Na nilikuwa nikiwaonea wivu wenye magari mpaka nilipogundua kwamba kwenye feri mwenye miguu huvuka wakati mwenye gari bado yumo kwenye foleni anapiga honi. Hilo lilinipa moyo kuliko dawa yoyote.

Lakini yote hayo niliyafanya kwa uongo. Mwachiro, dereva wa tuk-tuk wa mtaani kwetu, nilimwambia nina macho mabovu. Wateja wa simu niliwaambia ni shinikizo la damu. Na Zuhura, ambaye hakujua kudanganya, nikamfundisha kunyamaza.

Siku yenyewe ilikuja masika ya pili. Zuhura alikohoa mpaka kukacha, nami nimeketi nimemwegemeza kifuani, sikulala. Asubuhi ngozi ya katikati ya mbavu zake ilikuwa inazama kila anapovuta pumzi. Pampu yake ya pumu haikusaidia. Mama alikuwa amekwenda Diani matangani. Salma yuko Shanzu. Nikamfunga Zuhura kifuani kwa kanga, nikatoka, na dawa yangu ya asubuhi ikabaki juu ya meza. Kukesha, na kukosa dawa. Mwenye kifafa akisoma hapa ameshajua kinachokuja.

Zahanati ya jirani wakampa mvuke, wakamsikiliza mgongo, wakampa tena.

“Hafunguki,” nesi akasema. “Huyu avuke akalazwe. Ambulensi imetoka na mama mwenye uchungu wa kuzaa, ukiingoja utachelewa. Una gari?”

“Sina.”

“Basi kimbia.”

Mwachiro alituendesha kwa fujo, anapanda ukingo wa barabara, anatukana kila kilichokuwa mbele yake. “Ondoa mkokoteni wako, we baradhuli! Nina mtoto anakufa!” Nilimchukia kwa kulitamka neno hilo mbele ya Zuhura. Alitushusha kwenye lango la wapita kwa miguu, nikaingia ndani ya banda la kusubiria. Milango ya kushukia ilikuwa imefungwa, watu wamejaa, feri ndiyo kwanza inakuja kutoka ng’ambo.

Hapo ndipo niliposikia harufu ya mpira unaoungua.

Harufu hiyo hunipa muda mfupi, kama wa kufungua kitasa. Nikamfungua Zuhura kutoka kifuani, nikamketisha sakafuni penye ukuta, nikaketi mbele yake.

“Zuhura.”

“Abee.” Sauti yake haikufika mwisho.

“Kaa. Nyamaza.”

Yanayofuata niliyakusanya baadaye kwa waliokuwapo. Nilianguka nikagonga kisogo kwenye saruji, mara ya kwanza na mara nyingine nyingi. Watu wakakimbia, wakaacha duara, maana wengi wanaamini povu la mwenye kifafa likikugusa nawe unakipata. Mmoja akanirushia kiatu ninuse. Kisha feri ikatia gati, milango ikafunguliwa, na wale wote walioniona nikianguka wakateremka, wakapanda, wakaenda zao kazini. Banda likajaa watu wengine. Hao hawakuona kifafa. Waliona mwanamume amelala chini, mchafu, kinywa kina damu, ananuka mkojo, na kando yake mtoto wa kike mwenye midomo ya rangi ya zambarau.

Mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui, jina lake Bi Mwanasiti, akainama.

“Mwanangu, mamako yuko wapi?”

Kimya.

“Huyu ni nani yako? Amekufanya nini?”

Zuhura akaikaza midomo na kutazama mapaja yake.

“Maskini, amemtisha huyu,” Bi Mwanasiti akawaambia watu, akamnyanyua.

Kwangu mimi, baada ya kushikwa, mikono hurudi kabla ya akili. Nilifumbua macho nikaona mwanamke wa nguo nyeusi amembeba mwanangu. Sikujua niko wapi. Jina langu mwenyewe ungeniuliza nisingelijua. Nilijua tu kwamba yule mtoto ni wangu na anachukuliwa. Nikainuka nikampiga yule mama ngumi ya mdomo. Nikamkamata Zuhura mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

“Mwizi wa watoto!” mtu akapiga kelele. “Mkamateni!”

Teke la kwanza lilinipata kwenye figo. Nikaanguka, safari hii nikiwa macho. Walinipiga kwa viatu, kwa mikanda, mmoja kwa kifuniko cha sufuria alichokuwa akikipeleka sokoni. Nilisikia ubavu ukilia. Damu iliniziba jicho. Nilitaka kusema “baba yake,” lakini ulimi ulikuwa umevimba umejaa kinywa, na kilichotoka ni mlio wa mnyama. Wakazidi.

“Muulizeni mtoto kwanza! Muulizeni!” mzee mmoja alikuwa akisema.

Wakamuuliza. “We mtoto, wamjua huyu? Sema usiogope. Wamjua?”

Nikamwona, kwa lile jicho moja. Alikuwa amesimama, mabega yanapanda na kushuka kwa kuitafuta pumzi, midomo ameikaza kabisa. Alikuwa akifanya nilivyomfundisha, na akifanya bila kosa hata moja.

“Hamjui! Mwaona? Hamjui!”

“Mtupeni majini!”

Wakanishika miguu, wakaanza kuniburura kuelekea mlangoni. Aliyekuwa mbele kabisa ni kijana wa bara, mrefu, utingo wa malori ya makontena yanayotoka Kipevu, jina lake Brayo. Ndiye aliyenishika mguu wa kulia. Na ndiye aliyepiga ukelele uliowasimamisha wote.

“Aii! Ameniuma! Mtoi ameniuma, toeni huyu mtoi!”

Zuhura alikuwa ameng’ata msuli wa nyuma ya mguu wake, juu kidogo ya kiatu. Brayo akatikisa mguu, Zuhura akatikisika nao. Akamvuta nywele, hakuachia. Wakamvuta wawili. Damu ilikuwa ikimchuruzika Brayo mpaka kwenye soksi, na yule mtoto asiyekuwa na pumzi ya kusema jina lake alikuwa amening’inia pale kama kufuli.

Bi Mwanasiti akawasukuma watu kwa viwiko, mdomo wake umepasuka kwa ngumi yangu.

“Acheni! Tulieni! Mtoto wa kuibwa hamtetei mwizi!” Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. “Mtazameni suruali. Mtazameni ulimi. Nyie mnampiga mgonjwa!”

Wakaniachia. Zuhura akaachia mguu, akaketi sakafuni, mikono mapajani. Kisha akalala upande, macho yake yakageuka meupe.

Brayo ndiye aliyemnyakua. Yule yule. Alishuka naye mteremko mbio, anachechemea, anapiga kelele feri isiondoke, na watu walewale walionipiga wakaninyanyua mikono na miguu wakanikimbiza nyuma yake. Sijui upande ule wa maji tulivukaje. Nakumbuka Brayo amempigia magoti juu ya chuma cha feri, anampepea kwa fulana yake, anasema, “Pumua, kasupuu, mrembo, pumua, niume tena ukitaka.”

Ngoja niseme juu ya benchi la hospitali, kwa sababu wewe unayesoma huenda utaketi juu ya benchi kama hilo. Mtoto anapelekwa ndani nyuma ya pazia na wewe unaambiwa ungoje hapo. Ukuta mbele yako umepakwa rangi ya krimu, chini umechafuliwa na vichwa vya watu waliokaa sakafuni wakingoja kabla yako. Kila anayetoka nyuma ya pazia unamtazama miguu kwanza, kama anakuja kwako au anapita. Nilihesabu vigae nikasahau, nikaanza tena. Bi Mwanasiti aliketi kando yangu akiwa na pamba mdomoni. Alivua mtandio wake akanifunika mapajani, suruali isionekane. Nimepewa vitu vingi maishani. Hicho ndicho sikisahau.

Upande wa pili wa benchi Brayo alikuwa akisafishwa jeraha.

“Umeng’atwa na nini? Mbwa?” nesi akauliza.

“Mtoi.”

“Mtoto gani?”

Brayo akaonyesha pazia kwa kidevu. “Huyo ako na mashine.”

“Chanjo zimekamilika?”

“Zake ama zangu?”

Bi Mwanasiti akacheka, kidonda cha mdomo kikamuuma, akaguna. Brayo akanigeukia, hakuweza kunitazama usoni. “Buda, nisamehe. Nilidhani wewe ni mwizi. Si mtoi angesema tu?”

Nilikuwa najua kwa nini hakusema.

Jua lilipokuwa limepita utosini wakanifungulia pazia. Zuhura alikuwa ameegemezwa mito, bomba puani, midomo imerudi rangi yake. Kifua kilikuwa bado kinafanya kazi kubwa, lakini kilikuwa kinaingiza hewa. Nikauliza lile swali polepole, kwa ule ulimi uliovimba.

“Mbona hukuwaambia mimi ni babako?”

“Ulisema ninyamaze.”

“Na kung’ata?”

Akafikiri. “Hukusema nisiume.”

Salma alifika kutoka Shanzu na sare ya kazi, mikono bado ina harufu ya sabuni ya kufulia. Alimtazama mtoto kwanza, akamgusa paji la uso, akamgusa miguu. Brayo na Bi Mwanasiti walikuwa wameshamweleza kule nje. Akanigeukia, akanipiga kofi kwenye shavu lililokuwa tayari limevimba.

“Umemfundisha mwanangu kukaa kimya akikuona unakufa?”

“Mama alisema—”

“Simuulizi mama. Nakuuliza wewe.”

Nikasema ndiyo. Akanipiga la pili, kisha akanikumbatia mahali ubavu ulipovunjika, nikapiga ukelele, naye hakuniachia.

Ubavu ulichukua masika yote kupona. Nami nililazwa, na Zuhura aliruhusiwa kabla yangu. Tulipokwenda nyumbani kwa Bi Mwanasiti kumwomba radhi kwa jino nililomng’oa, alituandalia chai na mahamri akasema jino lenyewe lilikuwa bovu, alikuwa akiogopa tu kulipeleka kung’olewa. Sikuamini, lakini nilishukuru.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. “Sasa Likoni nzima wajua,” aliniambia, ameketi barazani amenipa mgongo. “Na wavulana wa feri wametia picha yako kwenye simu zao. Umefurahi?” Posa ya dadangu ilirudishwa kabla ya Ramadhani. Watu wale hawakusema sababu, na hakuna aliyehitaji kuulizwa. Dadangu alinipita uani kusi yote bila salamu. Sitasema kwamba kusema ukweli hakukugharimu kitu. Kuligharimu, na aliyelipa ni yeye. Wakati wa vuli alikuja mlangoni kwangu na simu yake iliyopasuka kioo, akaniwekea mezani, akasema, “Itengeneze. Na mikono yako isitetemeke.” Sijui kama nimesamehewa. Kioo nilikiweka vizuri.

Mwachiro nilimwendea mwenyewe, nikamwambia ni kifafa, si macho. Akashika kiuno. “Wewe! Siku zote nakuendesha taratibu kwenye mashimo kwa ajili ya macho yako, kumbe!” Kisha akataka kujua afanye nini nikishikwa garini. Nikamwonyesha: simamisha, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni, usinishike mikono, mtoto mkabidhi mtu unayemjua. Akayarudia mpaka akayashika. Nikupe ushauri huo mmoja tu: mwambie dereva kabla hujapanda, mtoto akiwa mzima, mkiwa hamna haraka. Siku ya haraka hakuna wa kukusikiliza.

Mazoezi ya sebuleni tunayafanya bado. Najilaza, natikisa miguu, lakini sasa Zuhura anasimama na kupiga kelele mpaka jirani anachungulia dirishani. Anazijua sentensi zake. Jumatatu moja tulipanda tuk-tuk ya mtu tusiyemjua, na kabla sijafungua mdomo akamwambia dereva: “Shikamoo. Huyu ni baba yangu. Ana kifafa. Akianguka si mlevi.” Dereva akanitazama kwenye kioo. Uso ulinichoma kwa aibu, kisha ikapita, nikasema, “Ndivyo.”

Dawa za pili nilizobadilishiwa hazitetemeshi mikono. Sijaanguka tangu vuli. Bado siendeshi, na huenda nisiendeshe tena. Zuhura bado hubanwa na pumu masika yakiingia, na bado tunavuka kwa miguu. Lililobadilika ni hili: dawa yangu naimeza kabla sijamfunga kifuani, na mwanangu haambiwi tena anyamaze.